Je, Wajua? Debe la Nyanya Mbichi

Huku Marungu, Taita Taveta, nyanya hazichumwi kwa kalenda, zinachumwa kwa nyayo. Mvua za vuli zikishakatika na majani ya Tsavo yakianza kukauka, ndovu wanatoka kutafuta. Mtu akiamka akakuta unyayo mpana kama sinia kando ya silanga, siku hiyo hiyo nyumba nzima inaingia shambani na ndoo, madebe na viroba, na kila kilichoning'inia kwenye mashina kinashushwa. Kufika jioni nyekundu zimeshapelekwa barabarani kungoja lori la Mombasa. Za kijani zimebaki jikoni, debe moja na nusu, na hakuna mwenye wazo. Safu ya leo ni ya debe hilo.

Je, wajua kwamba Kiswahili kilishalipanga jambo hili zamani? Tunda kwetu ni changa, kisha pevu, kisha bivu. Pevu ni lile lililofika mwisho wa ukubwa wake, mbegu zimekomaa, limebakisha kuiva tu. Katika debe lako zimo nyanya changa na nyanya pevu, rangi moja, na kazi ya kwanza ni kuzitenganisha, maana pevu itaiva hata ikiwa mbali na shina lake, na changa itanyauka tu. Chukua moja uikate katikati kwa kisu kikali. Ukikuta mbegu zimezama kwenye ute, na kisu kimepita zikateleza pembeni bila kukatika, hiyo ni pevu. Ukikuta kisu kimezikata mbegu zenyewe, zikiwa ndogo nyeupe, na nyama ya ndani ni kavu kama ya biringanya, hiyo ni changa. Kata tatu nne za ukubwa tofauti, jicho litajifunza. Baada ya hapo utazijua kwa kuzitazama: pevu ina mng'ao, na kitako chake kimeanza kupauka.

Je, wajua kwamba ukimwambia muuzaji wa soko la Kongowea unataka "nyanya mbichi" anaweza kukupimia nyekundu? Mbichi ni neno lenye kazi nyingi: nyama isiyopikwa, samaki asiyekaushwa, kuni zisizokauka, embe lisiloiva. Sema za kijani. Na akikujibu kwa kukutajia tungule, usishangae, ndilo jina la nyanya kwa watu wengi wa Mombasa na Unguja. Wazee wengine hata hiyo rangi hawaiiti kijani, wanaiita chanikiwiti.

Je, wajua kwamba nyanya haihitaji jua ili iive? Tabia ya kuzipanga dirishani tumeirithi bila kuihoji. Kinachoiivisha ni joto la wastani, muda, na gesi iitwayo ethilini ambayo tunda linaitoa lenyewe. Joto linalofaa ni kama nyuzi 18 hadi 21. Likipita 30, nyanya inashindwa kutengeneza likopini, ile rangi yake nyekundu, ingawa ile ya manjano inaendelea kujitengeneza. Na hapa tulipo, Februari saa nane mchana, chini ya mabati, nani ana nyuzi 21? Mimi nililijua hili kwa hasara. Nilitandaza debe zima juu ya gunia kwenye chumba cha mabati, nikafunga dirisha ili "joto lizivute". Baada ya wiki zilikuwa manjano, laini upande mmoja na ngumu upande wa pili, nikawapa kuku. Jirani yangu, mama aliyelima nyanya kabla mimi sijazaliwa, alicheka. "Mwanangu, wewe umezioka." Zake zilikuwa chini ya kitanda, kwenye katoni, sakafuni ambako sementi ni baridi, zimelazwa safu moja na ndizi mbivu mbili katikati. Zilikuwa nyekundu.

Ndizi ile haikuwa uchawi. Ndizi mbivu hutoa ethilini kwa wingi, na kitu kimoja kilichoiva huwaamsha wenzake. Ndiyo maana pia tunda moja lililooza huangusha katoni nzima, kwa hiyo zikague kila siku.

Je, wajua kwamba kazi hiyo ina kitenzi chake? Kuvundika. Waliovundika ndizi shimoni kwa majani makavu walikuwa wanaifungia gesi ndani, karne nyingi kabla haijapewa jina. Sayansi iliifikia kwa kuzunguka: mwaka 1901 Dimitry Neljubow, mjini St. Petersburg, aligundua kwamba gesi ya taa iliyomo hewani mwa maabara ndiyo iliyokuwa ikiipinda miche yake ya njegere, na kiungo chenye hatia ndani yake kilikuwa ethilini. Haikuthibitishwa kwamba matunda yenyewe huitoa hadi mwaka 1934, na aliyethibitisha ni Mwingereza Richard Gane, kwa matofaa.

Je, wajua kwamba wapo wanaovundika kwa kabaidi, ile ya mafundi wa kuchomelea vyuma? Ikigusana na unyevu hutoa asetilini, gesi inayoiga ethilini. Shida ni kwamba kabaidi ya viwandani huwa na mabaki ya aseniki na fosforasi. India imeipiga marufuku kwenye matunda. Kwangu mimi hoja ni fupi zaidi: mwenye ndizi mbili na katoni anatafutia nini kabaidi?

Friji nayo si rafiki wa nyanya pevu. Chini ya nyuzi kama 12 kuiva kunasimama, na ikikaa humo siku nyingi, hata ukiitoa haitapata ladha yake.

Je, wajua kwamba wanunuzi wenyewe huzipenda zikiwa hazijaiva? Kutoka Voi hadi Mombasa ni kilomita kama 150, na nyanya mbivu iliyo chini kabisa ya kreti ya mbao hufika ikiwa mchuzi. Anayejua huchuma zinapoanza tu kubadilika kitakoni. Marekani wamezipangia nyanya daraja sita za rangi, ya kwanza ikiwa ni kijani, na jimbo la Florida huchuma nyanya nyingi sana zikiwa pevu, kisha huzifungia kwenye vyumba vya ethilini. Ni kuvundika kule kule, tofauti ni ukubwa wa katoni.

Je, wajua kwamba zaidi ya nusu ya Kaunti ya Taita Taveta imo ndani ya hifadhi za Tsavo, zilizotangazwa mwaka 1948? Ukilijua hilo hutauliza tena kwa nini nyanya zetu huvunwa mbichi.

Je, wajua kwamba ndovu humwogopa nyuki? Mwaka 2007 mtafiti Lucy King na wenzake walichapisha matokeo ya kuwachezea ndovu sauti ya nyuki waliokasirika: wengi walikimbia. Kwa majirani zetu wa Sagalla, mizinga imening'inizwa kwenye waya unaozunguka mashamba. Ndovu akiusukuma waya, mizinga inatikisika, na wenye nyumba wanatoka. Mkulima anapata ulinzi na asali. Lakini nyuki wa asali si msaada mkubwa kwa ua la nyanya. Chavua yake imefungiwa ndani ya vijifuko vinavyotaka kutetemeshwa kwa nguvu ndipo viimwage, na nyuki wa asali hana mtetemo huo. Anayeuweza ni yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa boriti za paa lako, ambaye kila mtu anamfukuza kwa ufagio.

Je, wajua kwamba tundu dogo karibu na kikonyo ni saini ya mgeni? Ni kiwavi wa nondo aitwaye Tuta absoluta, aliyetoka Amerika Kusini, akaingia Hispania mwaka 2006 na kufika Afrika Mashariki miaka michache baadaye. Wakulima wa Tanzania walimpa jina ambalo sijapata kulisikia bora kuliko hilo: kantangaze. Akishaingia shambani mwako, habari zako zinajulikana. Jikoni, inua kila kijani cha kikonyo utazame chini yake. Penye tundu na unga mweusi, kata sehemu hiyo au tupa.

Tufike jikoni sasa.

Je, wajua kwamba nyanya ya kijani ina tomatini, kemikali chungu inayoukinga mmea dhidi ya wadudu? Nyanya changa inaweza kuwa na hadi miligramu 500 kwa kilo. Ikiiva kuwa nyekundu hubaki kama 5. Watu huichanganya na solanini ya viazi vilivyogeuka kijani, wakaogopa. Hizi ni mbili tofauti. Tomatini hushikamana na kolesteroli tumboni na sehemu kubwa hutoka nayo bila kuingia mwilini, na watu wa mataifa mengi wamekula nyanya za kijani za kukaanga na za achari vizazi kwa vizazi. Kupika hakuiondoi sana, kwa hiyo tumia akili ya kawaida: pevu badala ya changa, sahani badala ya beseni, na ikiwa chungu sana mdomoni, acha. Majani ya mnyanya si mboga, hata kama ni ndugu wa mnavu.

Je, wajua kwamba mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa waliripoti kwamba tomatidini, inayotokana na hiyo tomatini, iliwasaidia panya kutopoteza misuli? Panya, nasema. Asije mtu akauza nyanya za kijani stendi ya Voi kama dawa ya nguvu.

Vitamini C: nyanya ya kijani ina kama miligramu 23 kwa gramu 100, nyekundu ina kama 14. Lakini likopini ya kijani haina.

Je, wajua kwa nini mchuzi wa nyanya za kijani watu wa mara ya kwanza huuona "umepooza"? Nyanya ikiiva hujaa glutameti, ule utamu wa mchuzi unaokufanya ufute sahani kwa kipande cha mwisho cha sima. Ya kijani ina uchachu lakini hilo haina. Dawa yake ni kuioanisha na kitu kilicho nacho: omena, papa mkavu, au vitunguu vilivyokaangwa hadi vikawa kahawia hasa. Usiipike kana kwamba ni nyanya nyekundu. Ipike kana kwamba ni embe bichi.

Hapo ndipo ninapotaka kusimama kidogo. Mtu wa Pwani hakuwahi kuliita embe bichi hasara. Analila na chumvi na pilipili njiani, analitia kwenye mchuzi wa samaki, analifanya achari. Papai bichi linapikwa. Fenesi bichi linapikwa. Ndizi mbichi ndizo chakula chenyewe, muulize Mtaveta. Ni nyanya peke yake tuliyoiamulia kwamba isipokuwa nyekundu haijawa kitu.

Kwa hiyo, papa wa nazi. Kaanga kitunguu hadi kibadilike rangi, tia saumu na bizari, kisha nyanya pevu tano au sita zilizokatwa vipande vidogo. Zinachukua muda mrefu kuliko nyekundu. Funika, ziache zilainike kwa maji yake. Tia papa aliyelowekwa na kuoshwa chumvi. Tui tia mwisho, moto mdogo, ukikoroga, kwa sababu uchachu na moto mkali hulikata tui likawa mabonge. Ndimu usitie, ndimu imo tayari.

Je, wajua kwamba sufuria nyepesi ya aluminiamu na nyanya za kijani hazipatani? Asidi hula chuma hicho polepole, na chakula kikilala humo asubuhi kina ladha ya sarafu. Kupika haraka si neno, ila ukimaliza hamishia kwenye bakuli. Achari ipike kwenye chungu au sufuria nzito isiyoshika kutu.

Na achari ndiyo jibu la debe. Neno hili Waajemi na Wahindi wanalo, nasi tunalo, limezunguka Bahari ya Hindi pamoja na majahazi. Kilo mbili za pevu, kata kila moja vipande vinne, ndogo mbili. Tia kwenye beseni la plastiki na vijiko vitatu vya mezani vya chumvi, geuza kwa mkono, funika, lala. Asubuhi utakuta beseni limejaa maji hadi nusu ya vipande. Nyanya ni maji zaidi ya asilimia 90, na chumvi imeyaita. Chuja, tandaza vipande kwenye sinia juani nusu siku hadi kingo zijikunje. Kwa kazi hii, jua letu lililoziharibu za kuvundika linasamehewa. Twanga saumu, tangawizi na pilipili mbichi. Chemsha mafuta, tupa mbegu za haradali, ngoja zianze kurukaruka na kugonga kifuniko, punguza moto, tia uwatu kidogo sana kwa sababu ukizidi ni shubiri, kisha manjano, kisha ulivyotwanga. Tia vipande na vikombe viwili vya siki, chemsha dakika kumi. Siki iwe ya asidi ya asilimia 5, na usiipunguze kwa maji kwa huruma. Ndiyo mlinzi: bakteria wa sumu ya botulini hawakui penye uchachu wa kutosha. Chupa zichemshwe na zijazwe zikiwa bado moto.

Wasiotumia mafuta wala siki, kama wanavijiji wengi wa Urusi na Poland, huloweka nyanya za kijani nzima kwenye maji ya chumvi na saumu, wakaziacha zichachuke zenyewe. Wao kinachowaharakisha si ndovu, ni baridi ya kuua mimea.

Je, wajua kwamba nyanya za kijani za kukaanga, zile Wamarekani wanazoziita chakula cha Kusini, zilikuwa tayari kwenye vitabu vya upishi vya majimbo ya Kaskazini karne ya 19? Sifa ya Kusini iliongezwa nguvu na filamu yenye jina hilo ya mwaka 1991, iliyotokana na riwaya ya Fannie Flagg ya mwaka 1987. Wao huzipaka unga wa mahindi. Sisi tuna unga wa dengu. Kata vipande vya unene wa kidole kidogo, paka chumvi, ngoja nusu saa, kausha kwa kitambaa safi (ukiruka hatua hii unga utadondoka wote kwenye karai), chovya kwenye unga wa dengu wenye pilipili na bizari, kaanga. Hiyo ni bhajia, na haina haja ya kuomba ruhusa Alabama.

Je, wajua kwamba mchuzi wa kijani wa Meksiko hautengenezwi kwa nyanya za kijani? Unatengenezwa kwa tunda jingine, tomatiyo, linalokua ndani ya ganda kama la karatasi. Ni jamaa wa nyanya kwa mbali. Ila neno la Kiingereza tomato lilitoka huko huko, kwenye lugha ya Kinahuatl.

Je, wajua kwamba nyanya ilishawahi kupelekwa Mahakama ya Juu ya Marekani? Mwaka 1893, katika kesi ya Nix na Hedden. Mboga ilitozwa ushuru, tunda halikutozwa. Mahakama ikakubali kwamba kwa elimu ya mimea ni tunda, kisha ikaamua kwamba kwa forodha ni mboga, kwa sababu watu huila na chakula si baada ya chakula. Mama mboga yeyote wa Voi angeimaliza kesi hiyo bila wakili.

Jamu: gramu 500 za sukari kwa kilo ya nyanya, tangawizi, maganda ya limau. Wafaransa huipika sana. Inapendeza na mahamri kuliko unavyodhani.

Je, wajua kwamba yale maji ya chumvi uliyochuja asubuhi wakati wa achari si ya kumwaga? Yana uchachu na chumvi vyote viwili. Jirani yangu huyatia kwenye mbaazi zikishalainika, na siku hiyo hagusi kopo la chumvi. Alinipa kopo la maji hayo, nikaomba la pili, akaniambia nikachume zangu.